Ng'ombe Saba wa Daktari Laku

Siku ya arobaini ya mtoto wangu Hawah, Daktari Laku alikataa kahawa ya mama mkwe wangu mbele ya watu.

Ningependa kuanza na furaha ya siku ile, maana ilikuwepo. Nilikuwa nimetolewa nje kwa mara ya kwanza tangu kujifungua, nimefukizwa udi, nimepakwa hina mpaka vifundoni, na Hawah amelala mapajani mwangu kama andazi lililoumuka vizuri. Lakini watu wa Koboko wakikumbuka siku ile hawakumbuki hina yangu. Wanakumbuka finjani.

Daktari alikuwa mgeni wa heshima. Hawah alikuja duniani kwa matako, na kama si dispensari yake tungezikwa wawili. Kwa hiyo mama mkwe wangu, Mama Sadiya, alikaanga kahawa mwenyewe, akaitwanga na tangawizi, akamimina finjani ya kwanza. Akaonja yeye kwanza, funda moja, macho yake yakiwa kwa mgeni, kama desturi yetu ilivyo, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Akafuta ukingo kwa kidole, akampa kwa mikono miwili.

Daktari hakuinua mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti, na koti lenyewe lilikuwa la nini katika jua lile?

"Asante, mama," akasema. "Leo tumbo yangu si nzuri."

Uso wake haukusogea. Hakutabasamu, hakuona haya. Alikuwa kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

"Tumbo ya daktari!" akasema Emilia, jirani yetu anayeuza tumbaku. "Kama yeye nashindwa na tumbo, sisi tutaenda wapi?"

Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Mama Sadiya akabaki na finjani mikononi. Kisha akainywa yote yeye, polepole, mpaka machicha, kila mtu aone.

Kwetu, anayekataa kinywaji kilichoonjwa amesema bila kufungua mdomo: wewe una sumu. Mwaka uliotangulia, huko Kuluba, mgeni alikataa uji wa mjane mmoja. Wiki mbili baadaye mgeni akafa kwa homa yake mwenyewe, na mjane akachomewa nyumba. Alitoka na kuku mmoja chini ya kwapa. Mama Sadiya naye ni mjane. Na aliyemkataa si mpita njia, ni daktari. Kama daktari anaogopa finjani yako, nani ataigusa?

Wiki ile ile watoto wa jirani wakaanza kuitwa warudi kwao wakikanyaga ua wetu. Emilia, aliyezoea kuingia bila hodi na kufunua sufuria, sasa alinisalimu akiwa nje ya uzio. Mama Sadiya alifagia ua mara tatu kwa siku, kana kwamba uchafu ule ungeweza kufagiliwa.

Mume wangu Tahiru alikuwa barabarani na lori la tumbaku kati ya Koboko na Arua, akirudi siku za Jumapili tu. Aliyekuja ni kaka yake, shemeji Sulemani. Alifanya kazi kambini kwa askari. Mwenyewe alisema ni stoo, kugawa mablanketi. Wengine walisema si mablanketi tu.

"Mama yangu hapana sumu," akasema, amesimama mlangoni. "Kama sumu iko, iko kwa yule mutu. Rehemah, wewe nafikiri nini? Vita ya kwao iliisha sabini na mbili. Wenzake wote narudi Sudan. Yeye nabaki. Nabaki nafanya nini hapa, miaka minne?"

"Anatibu watu, shemeji."

"Wewe naweka kadi zake. Yeye naandika nini?"

Swali hilo lilikuwa limeshaingia kichwani mwangu kabla yake.

"Jumapili narudi," akasema. "Lete kitu ya mkono wake. Kama iko safi, iko safi. Kama iko chafu, mji wote utajua mama hapana kosa. Basi."

Nilielewa. Nikimpa kitu, daktari huenda akatiwa kwenye gari la askari, na waliokuwa wakiingia kwenye magari yale mwaka ule wa sabini na sita hatukuwaona tena. Nisipompa, Mama Sadiya atabaki na jina la mchawi mpaka siku mtu atakapoleta kiberiti.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Oli, pale Arua, na nilikulia kwenye biashara ya maandazi bila kuona mlango wa shule. Nilipoolewa Koboko ndipo nikaanza darasa la jioni la Mwalimu Okuonzi, wanawake kumi na mmoja na wazee wawili chini ya taa ya karabai. Nilipoweza kusoma majina ya watu, Daktari Laku mwenyewe alinipa kazi ya kutunza kadi. Kwa hiyo nilimpenda. Naandika hivyo waziwazi. Lakini mtu unayempenda ukishaanza kumpeleleza, kila kitu chake kinageuka.

Nilirudi kazini na Hawah mgongoni, nikaanza kuangalia. Zamani akitembea, mikono yake yote miwili ilitembea naye. Sasa wa kulia ulining'inia tu, kama wa mtu aliyeficha kitu kwenye mkono wa shati. Zamani alitania wagonjwa. Sasa alikukazia macho bila kupepesa. Sindano zote alichoma Amandu, dresa wake wa kufunga vidonda. Hata mshono alishona Amandu, na daktari amesimama nyuma yake akinong'ona. Nikiingia, mnong'ono unakatika.

"Rehemah, unatafuta nini?" Amandu akaniuliza siku moja.

"Kadi."

"Kadi iko kwenye sanduku yake. Hapa hapana kadi."

Nilirudi kwenye sanduku langu, nikatoa kadi ya zamani ya Mama Sadiya, ya sabini na tatu. Herufi zilikuwa nono, zimekaa vizuri, hata mimi wa darasa la jioni nilizisoma mara moja. Nikatoa kadi ya Hawah ya mwezi uliopita. Herufi zilikuwa kama sisimizi, na kila neno dogo kuliko lililotangulia, mpaka mwisho wa mstari kukawa na mchirizi tu. Mtu mzima, aliyesoma Khartoum, kwa nini aandike hivyo, kama hataki asomwe?

Tena kulikuwa na Ijumaa. Kila Ijumaa saa sita, watu wakienda msikitini na dispensari ikiwa tupu, alifunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo. Robo saa hivi. Halafu akafungua.

Ijumaa ile aliletewa mwanamke mwenye uchungu, akaitwa akiwa humo ndani. Alitoka na Amandu kwa haraka, na mlango ukabaki wazi. Niliingia. Mezani palikuwa na kalamu isiyofunikwa na daftari la jalada jeusi. Sikulifungua. Nililisukuma katikati ya mgongo wangu na tumbo la Hawah, nikakaza kanga, nikaenda nyumbani. Mtoto alilia njia nzima, labda jalada lilimchoma. Au labda alijua.

Nililifungua nyuma ya jiko. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa tarehe 7 Juni 1974, na maandishi yalikuwa makubwa:

*Ng'ombe saba wa baba wamevuka mto Kaya.*

Mstari huo mmoja, basi. Ukurasa wa pili, wiki moja baadaye: *Ng'ombe saba wa baba wamevuka mto Kaya.* Wa tatu, vilevile. Nilifunua na kufunua. Kila Ijumaa, karibu miaka miwili, ng'ombe saba wanavuka mto Kaya, na kadiri siku zilivyosogea herufi zilikuwa zikijificha.

Mto Kaya ndio mpaka wetu na Sudan. Ng'ombe gani wanavuka mpaka kila Ijumaa, saba kamili, hawapungui, hawazai? Hata mtoto angejua hao si ng'ombe. Ni watu, au ni malori, au ni bunduki, na huyu anahesabu kwa ajili ya mtu fulani. Nilimwona kichwani mwangu Sulemani akisoma mstari ule. Hangehitaji wa pili.

Na nikiri: nilifurahi kidogo. Niliwaza, basi Mama Sadiya amepona.

Jioni nilikwenda darasani, daftari jeusi likiwa bado chini ya mtoto, maana sikuwa na mahali pa kuliacha. Mwalimu Okuonzi ana njia yake moja. Mwanafunzi hapewi sentensi mpya mpaka hiyo ya zamani iwe nzuri. Sentensi yangu ilikuwa *Kuku wa Yugu ametaga chini ya kitanda*, kwa sababu Yugu, mzee wa darasa letu, aliwahi kuchelewa kwa sababu hiyo na hatukumwachia. Kila jioni naiandika tena, na tarehe juu yake.

"Mama Hawah," mwalimu akasema, "kuku yako leo imesimama sawasawa. Fungua ya mwezi wa kwanza, uone."

Nikafungua. Mwezi wa kwanza kuku wangu alikuwa amelala chali, herufi zimetapakaa. Yugu akachungulia.

"Wewe! Hiyo kuku yangu ilikuwa nakufa!"

Darasa likacheka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye tarehe.

Sentensi moja. Tarehe juu. Si kwa ajili ya kumwambia mtu habari, ila kwa ajili ya kuona mkono umefika wapi. Hakuna mpelelezi anayeandika ujumbe ule ule mara tisini na kuuweka mezani kwake. Mwanafunzi ndiye anayeandika hivyo. Ila mimi nilikuwa napanda na yule mtu alikuwa anashuka.

Jumamosi asubuhi nilimkuta peke yake, nikaweka daftari mezani. Hakulishika.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Amandu hapana weza kuiba, yeye nabisha hodi kwanza. Umesoma?"

"Nimesoma, Daktari. Mkono wako unaumwa."

Alinitazama na uso ule wa ukuta. Kisha akatoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza, na mkono ukaanza. Kidole gumba na cha pili vikasuguana, vikasuguana, kama mtu anayeviringisha tumbaku. Meza ikagonga.

"Si mkono," akasema. "Iko kichwani. Kitu kimoja kichwani nakauka pole pole, na mwili nasahau. Kwanza mkono. Halafu uso. Mimi nacheka, Rehemah, lakini uso hapana sikia. Halafu miguu. Ulaya dawa iko, nasoma kwenye kitabu. Hapa bado."

"Na mwanangu? Ulimtoa kwa mkono huu?"

"Kwa mkono ya Amandu. Mdomo ndiyo yangu. Mwaka mzima sasa mimi hapana shika kisu. Tangu siku ile naona mstari wangu nashuka, naacha." Akagusa jalada. "Ndiyo kazi ya daftari. Kuniambia ukweli, kwa sababu mimi mwenyewe nitajidanganya."

Nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia. Lakini hasira yangu ilikuwa bado haijaondoka.

"Kwa nini hukusema? Mama mkwe wangu wanamwita mchawi kwa sababu yako. Ungeshika tu finjani!"

"Ningeshika, nini ingetokea?"

Jibu nililijua. Kwetu kuna jambo lingine, na kila mtu wa huku analijua. Finjani ikitetemeka mkononi mwa mgeni, ikamwagika, watu hawasemi mgeni anaumwa. Wanasema kinywaji kimejitaja. Damu safi imeikataa sumu. Hapo hata wiki moja hawangojei.

"Kukataa ni maneno," akasema daktari. "Kumwaga ni ushahidi. Mimi nachagua maneno. Nakosea, labda. Lakini mimi si mutu ya mbali, Rehemah. Na kwetu, ng'ambo ya Kaya, finjani ikimwagika ni hivyo hivyo."

Hawah akaamka mgongoni akaanza kunung'unika. Nilimzungusha mbele nikamnyonyesha pale pale, na kumtazama akihangaika kupata titi, mkono wake mdogo ukirukaruka hewani, kukanipa wazo. Mtoto huyu anamwaga kila kitu na hakuna anayemwita mama yake mchawi.

"Kesho uje kwetu," nikasema. "Bila koti."

"Wakiona, watanifukuza kazi."

"Usipokuja, Sulemani atakuja hapa."

"Huyo shemeji yako," akasema, "naangalia mimi sokoni tangu mwezi wa kwanza. Mimi nafikiri ni wewe unampa habari."

Kumbe yeye naye alikuwa akinishuku. Sikujua nicheke au nilie.

Jumapili, kwa ombi langu, Mama Sadiya alitandika mkeka uani, akaita majirani. Walikuja kwa uroho wa kuona, wakakaa karibu na uzio, tayari kuondoka. Tahiru alikuwa amerudi, amesimama karibu yangu. Sulemani alikaa kwenye kiti, miguu mbele.

Daktari aliingia kwa hatua fupifupi, shati jeupe, bila koti. Mkono ulikuwa wazi, ukicheza. Nikasikia watu wakivuta pumzi.

"Emilia," akasema. "Maji ya kunywa iko kwako? Lete. Kikombe yako pia."

"Mimi?" Emilia akaangalia huku na huku. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na kikombe cha bati. Akaonja, akampa.

Daktari alishika. Kikombe kikaanza kucheza, maji yakaruka, yakamlowesha kifua, yakamwagikia miguu ya Emilia.

"Haya," akasema daktari kwa sauti ile bapa. "Emilia naweka sumu."

"Ee! Daktari! Mimi? Mungu nasikia! Maji ya kisima, hata wewe unaona!"

"Basi si maji."

Mzee mmoja karibu na uzio akapasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata, na Emilia mwenyewe, mikono kiunoni, akawa anatukana na kucheka pamoja. Daktari akawaeleza kwa maneno machache, kama alivyonieleza mimi. Sidhani wote waliamini. Niliona wawili wakitazamana.

Mama Sadiya alikuwa ameshamimina. Akaonja funda moja, akafuta ukingo. Nilipiga magoti kando ya daktari, nikashika kifundo chake cha mkono kama ninavyoshika cha Hawah, si kwa nguvu, na tukaipandisha finjani pamoja. Nusu ilienda kwenye shati. Nusu ilienda ndani. Mama Sadiya akatazama doa, akajaza tena bila kuulizwa.

"Tamu?" akauliza.

"Tangawizi nyingi," akasema daktari.

"Uliikosa mara ya kwanza, sasa unachagua!"

Emilia akanyoosha mkono. "Na mimi nipe, mama. Koo imekauka." Nilipoona finjani ikifika mdomoni mwake, machozi yalinitoka.

Lakini Sulemani hakunywa. "Rehemah. Nilisema lete kitu."

Daktari mwenyewe alitoa daftari, akampa. Sulemani alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Akainua macho.

"Ng'ombe hii ni nini?"

"Ya baba. Mwaka sitini na tano vita nafukuza sisi, tunavuka na saba. Ni kitu ya kwanza mimi naandika kwa Kiswahili. Nilitaka kujua kuandika lugha ya nchi hii."

"Na sabini na mbili hapana rudi."

"Mke yangu Viola analala Kuluba. Nimwachie nani kaburi?"

Sulemani akampa kalamu. "Andika."

Daktari akaandika juu ya goti, na sote tukaona: *Ng'ombe* ikiwa kama punje ya mtama, *baba* kama ufuta, na kufika mtoni kulikuwa na uzi tu. Sulemani akasogeza karatasi karibu na jicho. Kisha akaichana kutoka daftarini, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sulemani," akasema mama yake, "rudisha."

"Kahawa ni yako, mama. Karatasi ni ya kazi." Akamgeukia daktari, akampa mkono, wa kulia, akaushika ule mkono unaotetemeka kwa muda mrefu kuliko salamu. Nilidhani anamfariji. Baadaye Tahiru aliniambia, "Alikuwa anapima kama ni kweli."

Hiyo ni miaka miwili sasa. Watu wengine waliacha dispensari, wakapanda magari kwenda Arua kutafuta daktari mwenye mikono miwili. Wengi walibaki. Amandu hanong'onewi tena, anaelezwa kwa sauti mbele ya mgonjwa, na kadi naandika mimi, herufi nono, yeye akisema. Karatasi ile sijui iko wapi. Gari likipunguza mwendo mbele ya dispensari, sote watatu tunanyamaza mpaka lipite, na Sulemani akija nyumbani natafuta mfuko wake kwa macho.

Ijumaa iliyofuata Jumapili ile nilimletea daktari daftari langu la kwanza la darasa la jioni, kurasa zilizobaki, lile la wanaoanza, lenye mistari miwili miwili ya kuzuia herufi zisizurure. Alikataa, akasema hilo ni la watoto. Nikamwambia hata mimi nilisema hivyo.

Akaandika. Sijui kwa nini, na yeye anasema kitabuni hajasoma hicho, lakini jicho lake likiona mstari wa juu mkono unapanda kuufuata. *Ng'ombe saba wa baba* walisimama wakubwa kati ya mistari, wanatetemeka lakini wanasomeka. Kwenye *wamevuka* wakaanza kuinama. Alipumzika, akapuliza vidole, akashika kalamu tena.

"Mto bado," akasema.

"Tunangoja, Daktari," nikamwambia, na Hawah akanipiga teke mgongoni.